Funga Mdomo, Fungua Daraja

Kibao nilikipigilia misumari mwenyewe: DARAJA LIMEFUNGWA KWA MUDA KWA USALAMA WENU. Watu walisoma neno moja tu, limefungwa, wakanigeuzia mimi hasira zao zote. Toka siku hiyo nikaitwa Mama Kufuli, na salamu zikapungua.

Kwani nilipenda? Mafuriko yalipopita, waya mmoja wa daraja ulibaki unashikiliwa na nyuzi, na mbao za katikati zikaoza mpaka mbuzi wa jirani akatumbukia mtoni watu wanaona. Kazi yangu ni kutunza njia za miguu na vivuko vya bonde hili. Nikaweka geti la bati, nikatia kufuli, nikaomba mbao. Mkubwa wangu wa kazi tunamwita Bwana Vumilia, maana hana jibu jingine. Mbao? Vumilia. Waya? Vumilia, mama.

Nami nilivumilia kuliko wote. Binti yangu, mwanangu wa pekee, ameolewa ng'ambo ya mto, na alijifungua wiki ile ile niliyofunga. Mjukuu wangu wa kwanza yuko hapo tu, moshi wa jiko lao nauona, na sijamshika. Barabara ya kuzungukia imemezwa na matope, na nikiliacha geti hata kidogo watu wanaliruka. Majirani walinishauri nivuke peke yangu kimyakimya, eti mimi ni mwepesi. Nilitamani, Mungu ananiona. Lakini nikipita mimi leo, kesho nitamzuia nani?

Asubuhi moja Bwana Vumilia akatokea na wageni: viatu vipya, kofia pana, kamera shingoni. Walikuja kuzindua nyumba ya wageni iliyojengwa ng'ambo, na matembezi yalipangwa yapite darajani.

"Fungua," akaninong'oneza, huku meno yote yakiwachekea wageni.

"Mbao zimekuja?"

"Watavuka mara moja tu, mama. Mmoja mmoja, polepole."

"Mbuzi naye alikuwa mmoja, na alikwenda polepole."

Mgeni mmoja akaangua kicheko. Bwana Vumilia akavimba. "Usinitie aibu mbele za watu. Funga mdomo, fungua daraja!"

"Daraja nimelifunga. Mdomo sijawahi kuufunga, na marehemu mume wangu angekuwepo angekuapia."

Hapo ndipo alipotoa karata yake. Akanyoosha kidole ng'ambo. Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mwisho wa daraja, amekumbatia kitu ndani ya shuka jeupe.

"Nilimpigia simu mimi," akasema, sasa sauti laini kama siagi. "Nilimwambia leo mama yake anafungua. Mjukuu wako yule. Fungua, uwe wa kwanza kuvuka."

Nilimchukia mtu yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Mkono uliingia mfukoni wenyewe, ukaushika ufunguo. Nilishajiona nimefika, nimempakata, namnusa utosi. Kisha mawazoni nikamwona binti yangu naye akianza kuvuka kuja kwangu, mtoto mgongoni, kwa sababu mama yake amefungua na mama hawezi kumfungulia hatari. Nikautoa mkono mtupu.

"Mama!" binti akaita juu ya kelele za maji. "Wameweka mbao?"

"Bado!"

Bwana Vumilia akanisogelea, tabasamu limemrudia. Nilidhani najua mwanangu atasema nini, mimi ndiye niliyemzaa: atanibembeleza nifungue, nikajikaza nisije nikalegea.

"Basi usifungue!" binti akapaza sauti. "Mama, hata nikikubembeleza, usifungue!"

Wageni wakaanza kutazamana, mmoja akavua kofia, mwingine akageuka kurudi alikotoka. Bwana Vumilia akaniambia kwa meno yaliyobanana kwamba kazi sina tena.

"Nifukuze kesho," nikamjibu. "Leo niko zamu. Sogea, unanizibia."

Maana ng'ambo kule binti yangu alikuwa amemfunua mtoto, amemwinua juu kwa mikono miwili. Kwa macho yangu haya niliona kichwa cheusi na kingumi kimoja hewani, basi. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, wakaona wanaoona. Nikaegemea geti, nikamtazama mjukuu wangu mpaka mikono ya mama yake ilipochoka.