Supu ya Mwani Kabla ya Siku Yake

Mjukuu wangu Seoyul anafanya kazi maabara, huku kwetu Daegu. Huchunguza vijiuzi vidogo mno vilivyomo ndani ya chembe za mwili, vinaitwa mikro-RNA. Siku aliyoleta majibu ya vipimo vya tumbo la babu yake, nilimtegea kitendawili, maana nikiogopa mdomo wangu hukimbilia huko.

"Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Hana mdomo, lakini huwanyamazisha wenye midomo."

Akatabasamu, machozi yakimlenga. "Hivyo ndivyo vijiuzi vyangu. Kuna kimoja hunyamazisha amri ya kuhama, saratani ikabaki tumboni. Kwa Babu kimepungua mno. Imeshavuka ukuta wa tumbo, iko kwenye ini."

"Si mkiongeze!"

"Tunajaribu kwa panya, Bibi. Kwa watu bado."

"Atafika majira ya maua, atimize themanini?"

Akainama.

Tukaafikiana Baba Okhui, mume wangu, asiambiwe. Tukasema ni vidonda. Kwetu mgonjwa hutuliwa mzigo huo, wakaubeba jamaa. Lakini siku yake ya kuzaliwa niliitaka. Siku hiyo hutangulizwa, haicheleweshwi kamwe. Basi wakati wa kutia kabichi chumvi, baridi ikianza, nikampikia supu ya mwani, ile inayoliwa siku ya kuzaliwa.

Akachungulia bakuli. "Mama Okhui, mwani leo? Kwani nimezaliwa msimu wa makabichi?"

"Kula, mzee mwenye maneno! Seoyul atasafiri majira ya maua, ndiyo maana tumetanguliza."

"Wewe ukificha ng'ombe, mkia unauacha nje."

Akala vijiko viwili kwa taabu, akakiweka kijiko.

"Kitendawili," akasema. Miaka yote ya ndoa mtegaji ni mimi.

"Tega."

"Mwenyeji hajatoka, wameshamuaga."

Jibu nililijua. Nikaikazia macho mikono yangu, chumvi imeniingia kwenye nyufa za vidole.

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji sitaki. Nipe jibu, mke wangu. Sitaki kulibeba gizani."

Nikamwambia. Yote, hadi ini, hadi vijiuzi vya Seoyul vilivyomwishia. Alisikiliza kama anayesikia habari za jirani.

Kisha akalivuta bakuli. "Umehangaika kupika," akasema, akajaribu kijiko kingine kwa ajili yangu.

Kikamshinda.