Nani Alimgonga Nani

Mwalimu Nanzala alitoka Burnt Forest Jumamosi asubuhi kuja kulalamika kwamba meli yake ilikuwa imefungiwa mara sita kwa wiki moja.

Meli yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta. Jepkemboi na mwenzake Sifuna walikuwa wametengeneza mchezo wa anga za juu, unaochezwa mtandaoni na mamia ya watu kwa pamoja. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja mjini Eldoret, juu ya duka la dawa za mifugo. Mwalimu, aliyestaafu mwaka uliopita, alikuwa nahodha wa meli ya mizigo, kubwa na nzito kugeuka.

"Nimegongwa nikiwa nimetulia," alisema hata kabla ya kukaa. "Halafu mnanifungia bandarini saa nzima pamoja na aliyenigonga. Hiyo ni haki gani?"

"Mwalimu, mashine haijui nani ana makosa," Jepkemboi akajibu. Sheria hiyo aliiandika mwenyewe, na aliipenda kwa wepesi wake: meli mbili zikigongana, zote zinafungiwa. "Tukiwaadhibu wote, kila mtu atakuwa mwangalifu."

"Hata mimi nilifanya hivyo nikiwa mgeni darasani. Wakipigana wawili, nawapigisha magoti wote. Unajua nani alifurahi? Yule mchokozi."

Sifuna alikuwa ameshafungua rekodi za mchezo. Wakazitazama ajali zote sita. Kila mara kijimeli chepesi cha mchezaji aitwaye Vincent kilimjia Mwalimu kwa nyuma, kwa kasi. Wawili hao wakishafungiwa, marafiki wa Vincent wanapita na kufikisha mizigo yao kwanza.

Jepkemboi aliifuta sheria yake. Akaketi, akaandika sheria nyingine: mwenye kasi zaidi ndiye atakayefungiwa. Wakaijaribu pale pale. Mwalimu akaiegesha meli yake mlangoni mwa bandari, akaikingamisha ikaziba njia yote. Jepkemboi alipochomoka bandarini na meli nyingine akaigonga, akafungiwa yeye.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Umeona? Sasa mchokozi ni mimi."

Sifuna akaleta chai na mandazi, wakaanza upya. "Tusiulize nani alikuwa na kasi," alisema. "Tuulize nani angeweza kukwepa."

"Na kama hakuna aliyeweza?" Mwalimu akauliza.

"Basi hiyo ni ajali tu. Hakuna wa kufungiwa."

"Na mtandao ukikwama? Kwetu unakwama mvua ikinyesha."

Jepkemboi aliandika hilo pia: mtandao ukikwama, hafungiwi mtu. Akaongeza jambo moja la kwake: atakayefungiwa aonyeshwe rekodi ya sekunde za mwisho, ajionee kosa lake. Walijaribu tena na tena, wakigongana makusudi na kucheka, hadi Mwalimu alipokosa hila nyingine ya kutumia. Alipoondoka alasiri, Jepkemboi alimsindikiza hadi barabarani, mwepesi moyoni kama mtu aliyemaliza kuvuna.

Jumatano barua ya Vincent ikafika. Alikuwa amefungiwa peke yake kwa mara ya kwanza. Jepkemboi aliifungua akitarajia matusi.

"Nimeitazama rekodi mara tatu," Vincent aliandika. "Kweli nilikuwa na nafasi ya kukwepa. Lakini niambieni, hiyo meli kubwa ya mizigo inageuzwa vipi? Nataka kujaribu."

Jepkemboi akamtumia Mwalimu barua hiyo. Jibu lilirudi upesi: aje bandarini Jumamosi saa nne, na asichelewe.