Shaba Haikuufuata Msumeno

Nélida Ticlavilca alikuwa na nusu saa tu ya kuipata kazi. Hivyo ndivyo walimu wanavyoajiriwa Huancayo, mji wa milimani nchini Peru, kwenye vituo vinavyowanoa vijana kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu. Unafundisha somo moja la majaribio, mkurugenzi ameketi nyuma, na vijana ndio mahakama. Wakikupenda, wanapiga madawati kama ngoma. Wakikuchoka, wanapiga miluzi, nawe unachukua koti lako. Mwaka ule Nélida alikuwa ameshapigiwa miluzi mara mbili, na dada yake kule Lima alikuwa amemwekea nafasi katika duka la viatu. Akikosa na hapa, kemia basi.

Akaanza na msumeno, kwa kuwa huko hakuna afundishaye mpangilio wa elektroni bila huo. Unaziandika ngazi za atomi kwa safu, unachora mistari inayopanda na kushuka kama meno ya msumeno, huku ukiimba kiwimbo cha supu ambacho kila neno lake linakukumbusha aina ya chumba cha elektroni kinachofuata kujazwa. Vijana wakataja elementi, yeye akajibu kwa chaki. Kalsiamu. Chuma. Nikeli. Madawati yakaanza kuvuma chini kwa chini.

“Shaba,” mmoja akasema.

Akaimba, akaandika, akageuka. Elektroni mbili katika chumba cha nje, tisa katika vile vitano vilivyo ndani yake.

Madawati yakanyamaza. Wilder Poma, kijana aliyekuwa amejimwaga kwenye benchi la mwisho, akacheka. “Mwalimu, huo msumeno wako umekula kidole.”

Darasa zima likaangua kicheko. Don Teófilo, mkurugenzi, akatazama saa.

Nélida alijua mara moja. Kwenye shaba msumeno hudanganya: ni kumi ndani na moja nje. Dawa yake kila mwalimu anaijua. Unafuta, unasema hii ni ya kipekee, ikaririni, unasonga mbele. Alikuwa ameshashika kifutio. Akakirudisha mezani.

“Nimekosea,” akasema. “Nimeimba kama kasuku. Nani ataniambia kwa nini si tisa?”

“Tunakariri tu, mwalimu,” Wilder akajibu. “Hiyo ‘kwa nini’ haitoki kwenye mtihani.”

Mluzi mmoja ukapita. Nélida akatembea hadi nyuma na kumwomba Don Teófilo bangili yake ya shaba, ile anayoivaa kwa ajili ya baridi yabisi. Vijana wakaguna kwa raha, wakingoja afukuzwe. Mzee akasita, kisha akaivua. Ilimwachia alama ya kijani mkononi.

Akaiinua dirishani, jua likaiwasha. Akawaambia kwamba chumba cha elektroni si chumba hasa, ni wingu. Yale matano ya ndani, manne yana umbo la ua la petali nne, na la tano ni kama mchi uliovishwa pete. Kila moja hubeba elektroni mbili, si zaidi. Zikiwa tisa, kuna pengo. Zikitimia kumi, petali zinaziba nafasi zote na mawingu matano yanakuwa tufe moja lisilo na pembe. Kwa hiyo elektroni moja hutoka nje na kuja kulijaza pengo lile.

“Na ile iliyobaki peke yake nje haina kwao. Inatangatanga katika shaba nzima. Umeme wa taa hizi ni hizo zinazotangatanga. Wekundu huu je? Zile kumi zinameza mwanga wa kijani na buluu ili ziruke kwenda kwenye ile nafasi ya nje. Kinachobaki kinaturudia sisi. Mnapoitazama shaba, mpangilio wenyewe ndio mnaouona.”

Bangili ikapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyecheka. Wilder akaigeuzageuza, akauliza kuhusu fedha, iliyo chini ya shaba kwenye jedwali la elementi. Nélida akampa chaki. Kijana akaimba taratibu, akafika kwenye tisa, akasimama. Akafuta moja nje, akaiongeza ndani.

“Mwalimu,” akasema kwa sauti ndogo, “fedha imejuaje?”

“Sijui,” Nélida akasema. “Nimejiuliza tangu nikiwa na umri wako.”

Nusu saa ikaisha. Hakuna aliyepiga dawati. Mlangoni alishafika mwombaji mwingine, mwanamume mwenye chati zilizoviringishwa kwapani. Nélida akanyoosha mkono kuchukua koti.

Don Teófilo akainuka, akatoka, akazungumza na yule mwanamume kwa upole, akampa mkono wa kwaheri. Kisha akarudi, akafunga mlango, akaketi kwenye benchi la mbele katikati ya vijana.

“Na dhahabu?” akauliza.

Wilder alikuwa ameshaanza kuiandika.