Koti la Mukhisa

Wepukhulu alianza kulikodolea macho lile koti hata udongo wa kaburi la kaka yake Mukhisa haujakauka. Mtu gani huyo, jamani! Lilikuwa koti zito la kijeshi ambalo Mukhisa alirudi nalo kutoka vitani, na sasa lilining'inia upenuni mwa nyumba yake, pale karibu na Chwele, likingoja siku ya kunyoa. Siku hiyo wafiwa hunyolewa nywele na nguo za marehemu hugawanywa. Katika ukoo wao, anayelivaa koti humrithi na mjane.

Nakhungu, mjane mwenyewe, hakutaka. Alitaka kwenda kwa dada yake huko Kibomet, akae bila kuwa mke wa mtu. Aliwaambia wazee, wakamsikiliza mpaka mwisho, kisha wakaomba chai.

Alichokijua sana ni nyuki, maana Mukhisa alimfundisha. Kila asubuhi aliuchungulia mzinga mkubwa nyuma ya nyumba. Nyuki walikuwa wamejaa hadi kuning'inia mlangoni, na madume walikuwa wameongezeka. Mvua tu ndiyo iliyowazuia kuhama. Jioni ya kuamkia siku ya kunyoa alibandika sikio kwenye gogo la mzinga, akawasikia malkia wachanga wakiita humo ndani, sauti nyembamba kama ya mtoto aliyefungiwa chumbani. Jua likitoka kesho, wanahama.

Akachukua nta kuukuu na mchaichai, vitu ambavyo Mukhisa alipaka mizinga mipya ili kuwavuta nyuki, akaipaka bitana ya koti, kifuani.

"Njoo ulivae sasa, shemeji," akasema kwa hasira.

Kesho yake jua likawaka. Watu walipomaliza kunyolewa, mzinga ulinguruma, nyuki wakamwagika nje na kuutia uwanja giza. Waombolezaji wakalala kifudifudi. Lile kundi zima likaingia kotini. Kifua kikajaa, mabega yakapanda, koti likawa linapumua.

Wepukhulu, roho ngumu kweli yule, akasogea huku amenyoosha mkono.

"Ni wadudu tu, bana!"

Mkono wa kulia wa koti ukainuka. Uliinuka polepole mpaka ukamwelekea usoni. Wepukhulu akapiga ukemi, akatimua mbio, kofia akaiacha hapo hapo. Nakhungu nusura acheke. Halafu akakumbuka kwamba kwenye mikono ya koti hakupaka kitu chochote.

Mkono ule haukushuka. Uligeuka taratibu, ukamwelekea yeye, ukatulia.

Mzee Jairus, mkubwa wa ukoo, akainuka akijipangusa vumbi. Yeye akisema jambo ndiyo limekwisha.

"Mmeona wenyewe. Mukhisa amekataa kurithiwa. Basi mke bado ni wake. Nakhungu hatoki boma hili mpaka Mukhisa mwenyewe aondoke kwanza."

"Mzee, ni nta!" Nakhungu alilia. "Nimeipaka mimi! Nimewategea nyuki!"

"Ni uchungu huo, maskini," wanawake wakaambiana.

Hakuna aliyemsadiki hata mmoja. Walimshika huku na huku, wakambembeleza, wakamketisha upenuni ubavuni mwa mumewe. Ndani ya koti nyuki walikuwa wameshaanza kujenga masega.