Maji Baridi ya Chunyo

Raheli alikuwa mjane, na katika Chunyo nzima ni yeye peke yake aliyesoma kwa wamisheni. Kwa hiyo wapagazi wa Mjerumani walipotua na mashua ya chuma iliyofunguliwa vipande, mashua iliyozeekea baharini na sasa inapelekwa ziwani, ni yeye aliyeitwa awafasirie wanawake.

Fundi Mbwana, mtu wa Bagamoyo, alipitisha kidole kwenye bamba lililoota kutu. "Chumvi ya bahari hii, mama. Tukipaka rangi juu yake, kutu italila bamba chini kwa chini. Waambie wenzio wayaoshe mabamba yote kwa maji baridi."

"Maji baridi, ndiyo," Raheli akaitikia, kama aliyezaliwa pwani. Moyoni alijiuliza: baridi ya nini? Lakini kuuliza mbele ya wenzake akina Dorkasi, ambao kila siku aliwasahihisha Kiswahili chao, aliona haya. Akawapeleka kwenye chemchemi iliyo chini ya mwamba, ambako maji ni baridi hadi meno yanauma. Ni makali pia, mboga huiva humo bila kutiwa chumvi. Ila nani aliyeulizia ladha?

Jioni ng'ombe wa jirani yao Matonya walikuja wakayalamba mabamba.

"Tazameni," Dorkasi akacheka, "wametuhurumia, wanatusaidia kuosha!"

Raheli naye akacheka, ingawa kitu kilimchoma kifuani.

Mabamba yakakwanguliwa, yakapakwa rangi nyekundu. Siku ya sita rangi ikafanya malengelenge, na kila lililopasuliwa lilitoa kutu mbichi. Mzungu akafoka kwamba fundi ameiba rangi, na iliyobaki kaitia maji. Viboko ishirini na vitano! Mbwana akalazwa chini kando ya bamba.

"Bwana, rangi ni ileile! Na chuma kilioshwa kwa maji baridi, maji matamu yasiyo na chumvi! Muulize mama huyu!"

Matamu. Masikio ya Raheli yakawaka moto. Kumbe kwa watu wa pwani baridi ndiyo tamu. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Mungu alijua. Hata ng'ombe walijua. Askari akainua kiboko.

"Si yeye," akasema, sauti ikimtoka nyembamba. "Ni mimi. Neno sikulijua, nikaona haya kuuliza. Nilileta maji ya Chunyo."

Mzungu akatema mate, akaamuru kazi ianze upya. Mbwana akainuka, akajikung'uta vumbi, akaanza kukwangua rangi upya.

Kesho yake wanawake wakaufuata mto wa maji matamu, mwendo wa nusu siku, kwa ajili ya ulimi wa mtu mmoja. Waliporudi, Dorkasi akamkabidhi kibuyu mbele ya wote.

"Haya, Mwalimu, tufasirie. Maji haya ni baridi?"

Wakaangua kicheko. Jua la njiani lilikuwa limeyafanya vuguvugu. Raheli akayaonja, macho chini.

"Baridi," akasema. Akachukua tambara, akapiga magoti, akaanza na bamba lile ambalo Mbwana alilazwa kando yake.