Buni Mbichi za Karugendo

Kiboko cha kwanza kilimpata Karugendo mgongoni kabla hajamaliza kuvua shati. Josia, askari wa gombolola, akamkaripia kwa kuchelewa, kisha akamlaza kifudifudi mbele ya baraza. Majirani zake wa Kishanda walitazama ardhi.

Kosa lake lilikuwa kuchuma buni mbichi, tena za mibuni yake mwenyewe. Hakulikana. Binti yake Klaudia alipata nafasi ya kusomea ualimu chuoni Bukoba, baraza likatoa nusu ya ada kama msaada, nusu nyingine baba alipe kwa mafungu. Fungu la kwanza alilipata kwa butura: alimuuzia mchuuzi Hamidi kahawa ya nyuma ya nyumba ingali maua, naye Hamidi akampunja bila haya. Fungu la pili likatakiwa kabla ya msimu. Chuo hakina habari na mibuni, nacho kilitishia kumfukuza mtoto. Basi Karugendo akayakamua matawi yaliyobaki, mabichi hivyohivyo, na mtu akaenda kumsemea.

Aliyemhukumu ni mwami, yaani chifu wa gombolola lile, Rugaibula, ambaye ndiye pia mkuu wa kamati ya msaada. Alingoja kiboko cha mwisho, akapiga funda la rubisi, pombe ya ndizi.

"Tumekupa nusu, na bado unavunja sheria?"

"Buni ni zangu, waitu," Karugendo alisema kwa heshima ya kumwita bwana, kinywa kimejaa vumbi.

"Zikiiva ni zako. Mbichi ni za Serikali."

Msaada ulifutwa palepale, kwani baraza, alisema, halisomeshi watoto wa wafungwa. Karugendo akapewa kifungo cha kazi ngumu. Buni zilizokamatwa zilipaswa kuchomwa moto, ndivyo sheria ilivyotaka, lakini moto wenyewe hakuna aliyeuona. Wiki iliyofuata alitwishwa gunia la buni zilezile, azipeleke nyumbani kwa mwami, ambako majamvi ya kuanikia yalikuwa yameshatandikwa. Josia na askari mwenzake mwenye bunduki walimfuata nyuma. Donda la mgongoni lilifumuka, gunia likaloa damu. Hasira ilimkaba kuliko maumivu.

Kwenye mteremko wa Kamachumu walikutana na Klaudia. Alikuwa anatoka Bukoba kwa miguu, na gauni la chuo mwilini, amefukuzwa. Binti wa Kihaya hamwamkii baba yake akiwa amesimama, hata kama baba ni mfungwa. Alitua sanduku, akapiga magoti katikati ya njia.

"Tata," alimwamkia.

Josia alimwona kizuizi tu. Alimpiga teke la ubavu, msichana akaangukia sanduku lake. Karugendo alilibwaga gunia, akamrukia askari na kumkaba koo kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu barazani akasikia raha, raha ya kutisha. Askari wa pili alimpiga taya kwa kitako cha bunduki. Alipoanguka, alimpiga tena. Meno yalitoka.

Josia alikohoa mpaka akapata pumzi.

"Mzigo wa mwami haulali njiani," alisema, akimwonyesha Klaudia gunia.

Klaudia alimtazama baba yake, ambaye vidole vyake vilikuwa bado vinachimba tope. Hakuna aliyemruhusu kumgusa. Alijitwisha gunia, upande mbichi wa damu ukamwangukia begani mwa gauni, akaanza kupanda kwenda kwa Rugaibula, na bunduki nyuma yake.