Zuhura wa Tatu

Katika nyumba ya Bibi Kheiria, pale Azaiba, walikuwa wamepita akina Zuhura watatu, na mmoja tu ndiye aliyepewa jina hilo na mamake. Huyo alitoka Tanga, akafanya kazi miaka sita, akarudi kwao kuolewa. Aliyekuja baada yake alitoka Singida, na siku ya kwanza tu akaambiwa, "Sisi hapa tushazoea Zuhura, utaitikia hivyo hivyo." Akaitikia. Wa tatu alitoka Bukoba, Mkristo, rozari yake ndani ya pochi, naye akalikuta jina linamngoja jikoni pamoja na aproni. Shaghala, mtumishi wa ndani, hubadilika, jina halibadiliki. Nyumba nyingi za Maskati ziko hivyo, na wenyewe wakiulizwa husema ni mapenzi: tumemfanya mtu wa nyumbani.

Mahbuba, mjukuu wa Bibi Kheiria, alikuwa na miaka kumi na miwili Zuhura wa tatu alipofika. Alimwita hivyo miaka tisa. Alimwita akitaka maji, alimwita akitaka shela lake lipigwe pasi, alimwita usiku wa homa. Jina lake la kweli hakulijua mpaka siku alipomwekea karatasi mbele yake, juu ya meza ya jikoni, akamwomba aandike jina kamili.

Yule mwanamke akafuta mikono, akaandika polepole: Evodia Kokushubila.

"Ndivyo unavyoitwa?" Mahbuba akauliza.

"Ndivyo nilivyobatizwa. Kwani hujawahi kuiona pasipoti yangu? Si iko kabatini kwa bibi yako."

Mahbuba akalisoma jina lile mara mbili. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa tatu, anajua lugha nne, na hakujua hilo.

Karatasi ile ilikuwa fomu ya ridhaa ya kuhojiwa, ya Programu ya Imtiyazi, yaani ya wanafunzi bora. Huko huingizwa wanafunzi wachache. Mwaka wake walikuwa kumi na wanne, wanasoma zaidi ya wenzao, na mwisho huandika tasnifu wakaitetea mbele ya watahini. Ukishindwa, unatoka na shahada ya kawaida kama watu wote. Ukimaliza, neno moja huongezwa kwenye cheti, na kwa neno hilo mtu hupata udhamini wa kwenda kusoma mbele. Mahbuba aliutaka udhamini huo kuliko kitu chochote. Mara ya kwanza alipoomba kuingia kwenye programu alikataliwa kwa barua pepe ya mstari mmoja. Mara ya pili alikwenda mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha nje ya ofisi ya mkuu wa programu, Dakta Muhanna, siku tatu mfululizo, mpaka akaitwa ndani kwa kuchokwa tu.

"Unataka kuandika nini hasa?"

"Kiswahili cha wanawake wanaofanya kazi majumbani mwetu."

"Kuna nini cha kuandika hapo?"

"Ndicho nnachotaka kukijua, Dakta."

Akampokea. Pengine alidhani atachoka.

Ijumaa ndiyo siku ya kutoka, kwa wafanyakazi wa ndani wanaopewa siku. Hukutana Hamriya, kwenye saluni moja iliyo juu ya duka la simu. Husukana, hupiga simu nyumbani, hutaniana. Evodia ndiye aliyempeleka Mahbuba. Wanawake kumi na wawili walikubali kuhojiwa, na yeye akafungua fomu ya ridhaa, akawasomea kama alivyofundishwa: "Jina lako halitaandikwa popote. Utapewa jina jingine la kukulinda."

Mboni, mwanamke wa Dodoma asiyemumunya maneno, alicheka mpaka msusi akamwachia nywele.

"Jina jingine? Jamani! Mimi nimeshapewa moja na madamu, naitwa Mariamu. Na wewe unanipa la pili? Nikija kwenu kunywa chai si nitapewa la tatu!"

"Mimi naitwa Nura," akadakia mwingine. "Alisema langu linamchosha ulimi."

"Afadhali nyie. Mimi hata jina sina. Mimi ni 'taali', njoo hapa, tangu asubuhi mpaka jioni."

Wakacheka wote, kicheko cha watu waliokwisha kulia zamani. Mahbuba akaiweka kalamu chini. Alikuwa ameingia mle kutafuta maneno ya jikoni, akatoka na majina. Wanawake tisa kati ya wale kumi na wawili walisema: yetu yaandikwe, kama tulivyozaliwa nayo. Watatu walikataa. Mmoja alikuwa na kesi na kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, wawili hawakusema kwa nini, naye hakuwauliza.

Aliandika miezi minane. Sura ya nne ndiyo iliyomponza nyumbani. Humo alisema kwamba mambo haya hayakuanza jana. Kule Unguja, zilikotoka familia kama ya Bibi Kheiria, katika majumba ya mawe ya babu zao, watu walionunuliwa walipewa majina na waliowanunua: Feruzi, Marjani, Mabruki, majina mazuri ya vito na baraka, ili yale waliyokuja nayo yafe. Hilo hakuna anayelitaja kwenye kahawa ya Idi. Watu wanaikumbuka karafuu, wanazikumbuka nyumba zilizochukuliwa na mapinduzi, wanaukumbuka mlango mmoja mmoja na misumari yake. Hilo la majina wamelisahau kwa pamoja, kama waliokaa kikao wakakubaliana.

Alimsomea bibi yake mwenyewe, kwa sababu hakutaka alisikie kwa watu.

"Unatufananisha na wale?" Bibi Kheiria akasema. "Mie nnamlisha nnachokula. Siku yake nnampa. Mamake alipofariki, nani alimkatia tiketi?"

"Wewe, Bibi."

"Basi! Jina tu ndo kesi?"

"Ndiyo, Bibi. Jina tu."

"Ondoka mbele yangu, we mtoto. Huko chuo wamekutia wazimu."

Ikabaki wiki moja ya kuwasilisha. Jumapili asubuhi Dakta Muhanna akamwita. Tasnifu ilikuwa mezani, imejaa mistari myekundu penye kila jina.

"Kanuni inasema majina ya bandia. Yabadilishe kabla ya ofisi kufungwa Alkhamisi. La sivyo haiendi kwa watahini, na wewe umetoka kwenye programu."

"Kanuni inasema ni kwa ajili ya kuwalinda. Wao wamesema hawataki kulindwa hivyo, na wametia saini."

"Watu husema mengi. Nani kawasikia?"

"Mimi."

"Wewe ni mwanafunzi. Kamati ya programu haikuwasikia."

"Basi iwasikie," Mahbuba akasema.

Dakta Muhanna akaifunika kalamu yake nyekundu. Kisha akatoa sharti: mwanamke atakayekuja mwenyewe mbele ya kamati, na kitambulisho mkononi, jina lake litabaki. Asiyekuja, litatolewa. Mlango wa kamati wazi mpaka Alkhamisi saa sita mchana. Alijua vizuri kwamba hawa hawatoki siku za kazi. Kwa sababu hiyo hiyo aliliweka sharti.

Mahbuba akachukua gari la mamake. Siku mbili alizunguka kwenye milango ya watu na karatasi ya chuo mkononi, anaomba saa mbili tu, namrudisha mwenyewe. Alikwenda mpaka Yiti, nje ya mji, ambako mmoja wao alikuwa akimlea mzee. "Kwani kafanya nini?" aliulizwa. "Leo tuna wageni." "Huyu? Jina lake la nini?" Mama mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ni jambo zuri sana, akafunga mlango. Madamu wa Mboni hakufungua kabisa, na jioni ile ile akamnyang'anya Mboni simu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi yake mwenyewe. Mahbuba alitaka kumwombea Evodia ruhusa, Evodia akamzuia.

"Acha, dada. Hii naomba mwenyewe."

Akaingia sebuleni bila aproni. Bibi Kheiria alikuwa na tasbihi yake.

"Bibi, naomba kesho asubuhi."

"Kuna nini kesho?"

"Naenda chuoni kuwaambia jina langu."

Tasbihi ikasimama. "Na chakula cha mchana?"

"Nitaacha nimeshapika."

"Wali wa nazi?"

"Na samaki."

Bibi Kheiria akarudi kwenye tasbihi. Punje kumi zikapita. "Haya. Usichelewe kurudi." Asidhani mtu kwamba moyo wake ulilainika. Alikuwa amehesabu kwamba kukataa kungeandikwa pia.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, na Dakta Muhanna ndiye aliyeuliza, kwa Kiarabu kigumu ambacho jikoni kwa Bibi Kheiria hakizungumzwi. Mahbuba akakatazwa kutafsiri, kwa kuwa kazi ni yake. Ikawa hali ya kijinga: mwulizaji haeleweki, mwulizwa amesimama. Ndipo Dakta Nouf, mwalimu wa sheria aliyekaa pembeni muda wote kama asiyehusika, akashusha pumzi.

"Karibu, keti," akasema kwa Kiswahili cha Unguja, kisafi kabisa. "Mwenzangu anauliza, unaijua khatari ya jina lako kuonekana?"

Evodia akakaa. "Mwambie naijua kuliko yeye. Ikitokea shida, wa kurudishwa uwanja wa ndege ni mimi, siyo yeye. Mimi nimepima, nimeona nakubali. Sasa yeye ananilinda na nini? Miaka tisa nafichwa, na sijaona faida."

Dakta Nouf akatafsiri neno kwa neno, hakulainisha kitu. Dakta Muhanna akaandika kitambo, akasema, "Anayefuata."

Walikuja wanne. Wanne kati ya tisa. Alkhamisi saa sita mlango ukafungwa, na Mahbuba akaambiwa akawape wale watano majina ya bandia kama wale watatu waliokataa. Akasema hatambatiza mtu yeyote. Wakabishana, wakakubaliana nambari. Akaketi papo hapo kwenye ngazi za idara na kompyuta mapajani, akawageuza wanawake wanane kuwa nambari, akaiwasilisha dakika kumi kabla ya ofisi kufungwa.

Mwezi uliofuata akaitetea mbele ya watahini. Walimkalia saa mbili. Sura ya nne walitaka ipunguzwe. Hakupunguza sentensi. Akapita, si kwa alama za juu, lakini akapita. Ikabaki hatua moja: kupeleka nakala iliyojaladiwa maktaba, nakala safi isiyoandikwa kalamu, apewe risiti. Bila ya risiti hiyo cheti cha Imtiyazi hakitoki, na siku ya mwisho ilikuwa Jumapili.

Ijumaa akaibeba nakala hiyo Hamriya, wenyewe waione kwanza. Evodia alilitafuta jina lake, akaliwekea kidole, akalisoma kwa sauti, kisha akampa mwenzake. Kitabu kikazunguka mpaka kwa Mboni.

"Mimi niko wapi?"

Mahbuba akamfungulia ukurasa.

"Nambari ya saba." Mboni aliinua macho. "Saba? Mimi ni basi?"

"Hukuweza kuja, da Mboni. Walisema asiyekuja..."

"Najua walichosema. Mimi sikukataa, mimi nilinyang'anywa simu nikafungiwa. Wewe ulisema nini?"

"Nilikubali nambari."

"Ukakubali."

"Nilikubali," Mahbuba akarudia. Angeweza kusema kuhusu milango aliyobisha, kuhusu Yiti, kuhusu zile ngazi. Mwanamke yule alikuwa na haki.

"Lete kalamu," Mboni akasema.

"Mboni, hicho cha chuo!" Evodia akaruka. "Wanataka kisafi. Atakosa cheti chake."

"Na mimi nimekosa nini?"

Msusi akaizima mashine ya kukaushia nywele. Mahbuba akafikiria miaka miwili, kile kiti cha nje ya ofisi, udhamini. Hakufikiria kwa muda mrefu. Akaingiza mkono mkobani, akatoa kalamu ya wino mweusi, akampa.

"Umo pia ukurasa wa arubaini na moja," akasema. "Na wa hamsini na tatu."

Mboni akaikata ile saba kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: Mboni Ndahani. Akaandika mara tatu, kila penye ile nambari. Wengine wawili waliokuwa mle wakaomba kalamu. Yule mwenye kesi alikipokea kitabu, akakitazama, akakipitisha bila kuandika, na hakuna aliyemsemesha.

Jumapili, mhudumu wa maktaba, Bakhit, alikifungua, akakunja uso.

"Hiki kimeandikwa kalamu."

"Ndiyo."

"Tunapokea safi. Kachape nyengine, urudi kabla ya saa nane."

"Sichapi nyengine. Hiki ndicho."

"Basi hupati risiti."

"Sawa. Niandikie kwamba umekataa kukipokea, na sababu uiandike. Andika: kwa kuwa kina majina ya watu."

"Usinifanyie maneno, binti. Nani kaandika humu?"

"Wenyewe."

Bakhit akafungua ukurasa wa arubaini na moja, akasoma, akageuza wa nyuma yake, wenye akina Feruzi na Mabruki, majina ya heri kama lake, akasoma na huo. Nyuma ya Mahbuba foleni ikaanza kunung'unika. "Kaa pale nimpigie mkuu wangu," akasema.

"Mpigie. Nnasubiri hapa hapa."

Akauinua mkono wa simu, akamtazama yule msichana aliyeshika ukingo wa dawati kwa mikono miwili, akaurudisha. Akavuta kitabu cha risiti, akaandika, akapiga muhuri kwa nguvu hata karatasi ikachanika pembeni. Mahbuba akaichukua hivyo hivyo, akakunja, akaelekea ofisi ya vyeti kabla makarani hawajenda kula.